Kwa Nini Klachi Iishe Mapema Kwenye Gari Jipya?

Klachi ikitunzwa hudumu makumi ya maelfu ya kilomita. Ikiisha gari likiwa bado jipya, mara nyingi chanzo ni mguu wa dereva. Ukiuegemeza kwenye pedali unapoendesha, au ukilizuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, pleti husuguana, hupata moto na kulika. Dalili ni harufu ya kuungua, na injini kunguruma bila mwendo kuongezeka.

Hata hivyo, oili ikivujia pleti, klachi huteleza hata kwa dereva makini. Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mwombe fundi akuonyeshe pleti iliyotolewa. Ikiwa imelowa oili, dai dhamana ya gari lako, na uvujaji uzibwe kabla ya kufungwa pleti mpya.