UFUNDI: Stadi ya Ekzosi Ikikatika

Gari la turbo likilia "tik-tik" injini ikiwa baridi, tena likikosa nguvu mlimani, huenda stadi inayofunga manifoldi ya ekzosi imekatika. Moshi unaovuja una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua.

Fundi asubiri injini ipoe. Kipande kikiwa kimechomoza, atenganishe betri kisha aweldi nati juu yake. Joto hulegeza kutu, na spana hupata pa kushika. Kikikatikia ndani, atoboe katikati kabisa. Akienda kando ataharibu thredi za silinda hedi.

Kabla ya kufunga, apime kwa rula ya chuma kama manifoldi imepinda. Ikiwa imepinda, isawazishwe au ibadilishwe, la sivyo stadi mpya nazo zitakatika. Nati zikazwe kuanzia katikati kuelekea pembeni.