Kuzungusha Tabaka Moja la Picha

Katika programu za kuhariri picha, picha moja huweza kujengwa kwa matabaka, mfano wa karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Photoshop ilipata uwezo huo mwaka 1994. Mwalimu atakaye kunyoosha picha ya seli iliyopigwa kwa hadubini, bila kusogeza majina ya sehemu zake, huchagua tabaka la picha peke yake na kulizungusha.

Je, ni hesabu gani inayofanyika? Tabaka ni safu za nukta za rangi. Tuchukue kitovu cha mzunguko kuwa (0, 0). Nukta iliyopo (10, 0) ikizungushwa nyuzi 30 kinyume cha mwendo wa saa, huangukia (10 kosini 30°, 10 sini 30°), yaani (8.66, 5). Lakini hakuna nafasi ya 8.66, ipo ya 8 na ya 9 tu. Kwa hiyo kompyuta huenda kinyumenyume: kwa kila nafasi mpya hutafuta mahali rangi yake ilikotoka, kisha, kwa njia iliyozoeleka, hukokotoa wastani wa nukta nne za jirani. Hivyo hayabaki matundu.

Wastani huo una hasara yake: mistari myembamba, kama utando wa seli, hufifia kidogo. Anayezungusha nyuzi 5 mara sita huifisha picha mara sita. Anayezungusha nyuzi 30 kwa mkupuo huifisha mara moja tu. Basi tabaka la asili lihifadhiwe, na kila rekebisho lianzie hapo.

Zoezi: Eleza kwa nini mzunguko wa nyuzi 90 haufifishi picha.