Kwa Nini Ndege Huchelewa Ulaya?

Desemba iliyopita shangazi alitoka Ujerumani kuja kumzika babu. Ndege ya kumtoa Hamburg ilichelewa. Alipofika Amsterdam, ya Nairobi ilikuwa imeondoka. Alifika kwetu kaburi limeshafunikwa. Wengi walimlaumu, hata mimi. Basi nikaamua kuchunguza.

Kumbe anga ya Ulaya imegawanywa vipande vipande, na kila kipande kina waongozaji ndege wake. Kipande kikijaa, shirika la Eurocontrol huzipangia ndege zamu, zikangojea chini ili zisisongamane juu.

Sababu kubwa ni hizi:
(a) Uhaba wa waongozaji, na migomo yao, hasa Ufaransa.
(b) Ngurumo wakati wa kiangazi. Ukungu na theluji wakati wa baridi.
(c) Anga kufungwa. Aprili 2010 ilikuwa majivu ya volkeno ya Iceland. Tangu Februari 2022 ni vita vya Ukraine.
(d) Mitambo kuharibika, kama Uingereza tarehe 28 Agosti 2023.
(e) Ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku. Ikichelewa asubuhi, huweza kuchelewa hadi jioni.

Wahenga walinena: kawia ufike. Shangazi alikawia, lakini alifika. Nimemwandikia barua kumwomba msamaha.