Umemwona Mdudu Wapi, na Lini? Andika Kabla ya Kupuliza Dawa



Kila ifikapo Septemba na Oktoba, baridi inapoanza kubisha hodi, napigiwa simu zinazofanana. Mwaka mmoja mama wa Columbus aliniambia, "Dada nesi, kunguni wamejaa dirishani, tumeshatoa magodoro nje!" Nilimwomba amfunike mmoja kwa glasi kisha anieleze alivyo. Alikuwa na mabawa, mgongo kama ngao, ukubwa kama ukucha, na alinuka vibaya alipobanwa.

Huyo si kunguni wa kitandani. Ni mdudu wa kahawia aliyetoka Asia ya Mashariki, akaonekana Allentown, Pennsylvania, mwaka 1998, na sasa yuko majimbo mengi. Anaingia ndani kujificha baridi tu. Hanyonyi damu yetu wala haleti ugonjwa. Mfagie, mtie kwenye maji ya sabuni, ziba nyufa za dirisha. Kunguni halisi hana mabawa, ni bapa, na ukubwa wake ni kama mbegu ya tofaa.

Magodoro yalirudi ndani. Lakini dawa ilikuwa imeshapulizwa chumba cha watoto, na mdogo wao alikohoa usiku kucha. Hilo ndilo linalonitisha kuliko mdudu mwenyewe. Mwaka 2011 CDC ilitoa taarifa ya watu 111 katika majimbo 7, New York likiwemo, waliodhurika na dawa za kuulia kunguni kati ya 2003 na 2010. Wengi walipata madhara madogo, lakini mmoja alifariki.

Kwa hiyo wekeni daftari jikoni. Andika tarehe, chumba, wadudu wangapi, na kama kuna aliyeumwa. Piga picha mdudu akiwa kando ya sarafu ili ukubwa uonekane, na mwenyewe mbandike kwa selotepu kwenye karatasi. Kama ni kunguni kweli, mwenye nyumba akija kukuambia umewaleta wewe juzi, tarehe zako zitakusemea. (Mpe barua, ubaki na nakala. Maneno ya mdomo hupotea.)

Wa kumtambua mdudu wapo. Hapa kuna ofisi za ugani, kama za bwana shamba wetu kule nyumbani, ila zinaendeshwa na vyuo vikuu: Buffalo ni Cornell, kaunti ya Erie, Columbus ni Ohio State, kaunti ya Franklin, Louisville ni University of Kentucky, kaunti ya Jefferson. Ulizeni kwanza kama kuna malipo. Vijana wenye simu wanaweza kuweka picha kwenye iNaturalist, huduma ya bure iliyoanza 2008, ambako wajuzi husaidia kutaja jina. Mkipiga picha nyumbani, ficheni mahali kamili, maana kila mtu huona.

Kupe ana miguu minane, kwa hiyo si mdudu hasa, lakini naye aandikwe. Tuliokulia na papasi tunamdharau, na hapo tunakosea. Akikung'ang'ania, mvute kwa kibano karibu kabisa na ngozi, taratibu, bila mafuta wala kiberiti. Mweke kwenye chupa yenye spiriti, uandike siku na mahali ulipotembea. Upande wa Buffalo kuna kupe mwenye miguu myeusi anayeleta ugonjwa wa Lyme. Daktari akijua mapema, pengine ndani ya saa 72, anaweza kuamua kukupa dozi moja ya kinga. Upande wa Louisville yuko kupe ambaye jike lake lina doa jeupe mgongoni. Kuumwa naye kunaweza kumfanya mtu adhurike na nyama ya ng'ombe, mbuzi au nguruwe, saa 2 hadi 6 baada ya kula. Ukila nyama choma jioni na usiku ukaamka umevimba midomo au unapumua kwa shida, piga 911 mara moja, na ukifika hospitali uwaambie tarehe uliyomtoa kupe.