Chakula cha Vijana Wetu
Somo: Danieli 1:8-16

Wazazi wapenzi, mtoto akifika miaka 12 au 13, mwili wake huanza kukua upesi kuliko wakati wowote tangu alipokuwa mtoto mchanga. Mifupa yarefuka, damu yaongezeka. Ndiyo sababu kijana husema njaa kila saa, si ulafi. Lakini katika nyumba nyingi za Kisangani, huo ndio wakati tunaomwacha ajitafutie. Asubuhi hupewa faranga kidogo, naye hununua mikate ya kukaanga na chai yenye sukari nyingi karibu na masomo. Tumbo lajaa, lakini damu haijengwi.

Msichana amwangaliwe zaidi. Damu ya kila mwezi ikiisha kuanza, mwili wake wataka chuma ili kutengeneza damu mpya, na chuma hiki hupatikana ndani ya chakula. Basi samaki hugawanywa namna gani? Baba kwanza, kisha wavulana. Msichana aliyepika hubakiwa na mchuzi. Huyu ndiye anayekuja kwa munganga akiwa na weupe ndani ya kope, akichoka kwa kuchota ndoo moja ya maji. Dawa twampa, lakini dawa huisha.

Mungu hakutunyima chakula. Tuna samaki wa mto, hata wadogo waliokaushwa. Tuna mbinzo, wenye chuma na nguvu ya kujenga mwili, ambao vijana wengine sasa huwaonea haya! Tuna maharagwe na karanga. Lituma ni tamu, lakini peke yake haitoshi. Sombe itwangwe na kuchemshwa sana, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu. Mafuta ya mawese yasichomwe mpaka yawe meupe. Rangi ile nyekundu hulinda macho. Baada ya kula, chungwa au pera husaidia chuma cha majani kuingia mwilini, bali chai hukizuia, basi inywewe baadaye.

Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana. Walikataa chakula cha mfalme, wakaomba mboga na maji, wakajaribiwa siku 10. Tazameni, waliamua wenyewe. Kijana hafundishwi kula kwa makelele. Mpeleke sokoni, mpe feza, achague chakula cha nyumba. Mvulana naye ajifunze kutwanga sombe. Majirani watacheka, na wacheke.

Ulizo la kujibu nyumbani: Jana jioni, samaki alipogawanywa, nani alipata mchuzi tu?