Msingi wa Kijumba cha Watoto

Huko Buyangu, kando ya msitu wa Kakamega, mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, na mchwa hawalali. Basi mwenye kuwajengea watoto kijumba cha mbao cha kuchezea asilaze mbao juu ya udongo. Achague mahali palipoinuka, aondoe majani, mizizi na udongo mweusi wa juu, kisha ashindilie kokoto. Juu yake apange mawe bapa, pembeni na katikati, na kuyasawazisha kwa pimamaji. Jiwe moja likizama, mlango hautafungika. Mihimili ya sakafu ikae juu ya mawe hayo, shubiri moja kutoka ardhini, ili upepo upite, na vijia vya udongo vya mchwa vionekane na kubomolewa kabla sakafu haijaliwa ndani kwa ndani, mtoto akatumbukia.