Somo la Stika: Neno Kabla ya Kisu

Katika jarida letu la kila mwaka tumezoea insha, mashairi na uchambuzi wa vitabu. Safari hii chama kimeniomba niandike somo la kazi ya mikono, nami nimechagua stika. Usicheke! Stika ni kazi ya mkono na ya lugha pia, na sisi wa Isebania hatuna haja ya kwenda mbali kuziona. Tembea kutoka stendi hadi mpakani ukihesabu: matatu za Migori na Kisii, bodaboda, vioo vya maduka, vibanda vya vinyozi. Ukivuka kuingia Sirari, upande wa Tanzania, zinaendelea vile vile kana kwamba mpaka haupo.

Mafundi wale wana mashine inayoitwa plota, ambayo huvuta karatasi na kuikata herufi yenyewe. Mimi nataka kukuonyesha jinsi ya kufanya kazi hiyo nyumbani kwa kisu na rula, upambe chumba au umtengenezee mtu zawadi yenye jina lake. Nasisitiza jambo moja tangu mwanzo: gundi haina kifutio. Kwa hiyo nusu ya somo hili ni juu ya kisu, na nusu nyingine ni juu ya neno.

1. Stika ni kitu gani?

Stika ninayoizungumzia si ya karatasi. Imetengenezwa kwa vinaili, yaani plastiki ya jamii ya PVC, ile ile ya mabomba ya maji. Bomba ni gumu, lakini stika hujikunja kwa sababu plastiki yake imetiwa dawa za kuilainisha. Njia ya kuilainisha PVC ilipatikana Marekani mwaka wa 1926, kwa kazi ya mwanakemia Waldo Semon. Miaka tisa baadaye, mwaka wa 1935, Mmarekani mwingine, R. Stanton Avery, akaunda mashine ya kutengeneza lebo zinazojibandika zenyewe, bila kulambwa wala kupakwa gundi. Stika zetu ni wajukuu wa kazi ya hao wawili.

Chukua kipande ukitazame ubavuni. Kina tabaka tatu. Juu ni uso wa plastiki wenye rangi. Katikati ni gundi, ambayo hushika kwa kubonyezwa. Chini ni karatasi ya mgongo iliyopakwa silikoni, kitu chenye utelezi, ndiyo sababu gundi haigandi juu yake. Ukizielewa tabaka hizo umeielewa kazi yote: kisu kikate mbili za juu, kiiache ya tatu nzima.

2. Neno kabla ya kisu

Zawadi yenye maandishi si jambo geni kwa Waswahili. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyochapwa karibu na pindo la chini. Mama akipewa kanga huyasoma maneno kwanza, maua baadaye. Kanga nzuri yenye jina baya huweza kuleta ugomvi wa nyumba mbili. Stika nayo ni hivyo hivyo.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Sirari. Nilitaka kumpa kopo la bati la kutilia sukari, lenye maandishi. Jioni nzima nilikaa na karatasi nikitafuta neno. Sisi upande wa Kenya tungeandika "Nyanya". Lakini kule Sirari nyanya ni ile ya kutia kwenye mchuzi, na mzazi wa mama huitwa bibi. Haya, na kopo likija Kenya limeandikwa "Kwa Bibi", si jirani atadhani ni zawadi ya mtu kwa mkewe? Mtu wa Nairobi hana shida hii. Sisi wa mpakani tunayo kila siku. Mwishowe niliamua kwamba neno ni la yule atakayeishi nalo. Nikakata BIBI YETU. Hilo "yetu" likamaliza utata wote, maana mke hawi wa ukoo mzima.

Bibi hakwenda shule. Alipolipokea kopo aliniuliza, "Hapa umeandika nini, mjukuu wangu?" Nikakishika kidole chake, nikakipitisha juu ya herufi moja moja: B, I, B, I. Siku hizi wajukuu wadogo wakimtembelea, yeye huwafundisha herufi hizo mbili pale pale kwenye kopo la sukari, na wakikosea huwakemea kama mwalimu wa darasa la kwanza. Hebu fikiria kama neno lile lingekuwa na kosa. Mwanamke asiyejua kusoma angekuwa anawarithisha watoto kosa langu kwa imani yake yote. Ndiyo maana nasema kwamba anayekata herufi anabeba mzigo kuliko anayeandika kwa chaki.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kisu, chunguza mambo haya matatu.

Kwanza, r na l. Niliwahi kuona kibandiko juu ya rafu ya mlangoni mwa nyumba moja: "Mahari pa viatu". Mwandishi alikusudia mahali. Sisi Wakuria tunajua mahari ni ng'ombe, na viatu havijapata kukubaliwa badala yake!

Pili, king'ong'o. Ile alama ndogo katika ng' ndiyo kipande kidogo kuliko vyote, na ndiyo hupotea sakafuni wakati wa kazi. Lakini ng'oa na ngoa si neno moja. La kwanza ni kutoa jino au kisiki, la pili ni wivu. Ihesabu alama hiyo kama herufi kamili.

Tatu, urefu wa neno. Kiswahili hupenda kuunganisha sentensi nzima iwe neno moja. "Tunakushukuru" lina herufi 13. Kikombe chenye kipenyo cha sentimita 8 kina mzingo wa takriban sentimita 25, na mtu akikitazama husoma vizuri kama theluthi moja tu, yaani sentimita 8. Gawanya: kila herufi itapata milimita 6 hivi, na kwa mkono hutaweza. "Asante" lina herufi 6, kila moja itapata milimita 13. Ikiwa ni lazima neno refu likatwe mistari miwili, likate kwenye silabi: Tunaku-shukuru. Usizitenganishe sh, ch, ny, dh, gh wala ng'.

3. Vifaa

Huhitaji vingi: kipande cha vinaili (maduka ya mafundi huuza kwa mita, na mabaki hupatikana kwa bei nafuu), kisu chembamba cha wembe, rula ya chuma, penseli, ubao au kadibodi nene ya kukatia, utepe wa karatasi wanaoutumia wapaka rangi, kadi ngumu ya plastiki iliyokwisha kazi, kitambaa safi na spiriti kidogo. Wahenga walisema kinolewacho hupata. Wembe butu huvuta plastiki badala ya kuikata, na mkono unaolazimisha ndio unaojikata.

4. Kukata

Chora herufi upande wa rangi, kubwa na zisizo na mapambo mengi. Anayeanza asichore mistari myembamba kuliko milimita 5. Ukipenda kuchora upande wa mgongo, basi kila kitu kigeuzwe kama kwenye kioo. Tahadhari na neno kama MAMA: herufi zake hazibadiliki zikigeuzwa, ila mpangilio hubadilika, na usipogeuza utapata AMAM.

Kata kwa uzito mdogo, kisu kikiwa kimesimama. Jaribu kwanza pembeni, ubandue uone kama karatasi ya mgongo imebaki nzima. Kwenye kona, usikizungushe kisu, izungushe karatasi. Ukimaliza, ng'oa mabaki yote yasiyo herufi, kama vile unavyopalilia mahindi: taratibu, usije ukang'oa na mche.

Kuna njia ya pili, ya kiolezo. Hapa unatoa herufi na kubakiza tundu, unabandika karatasi juu ya chungu, ubao au jiwe la sabuni la Tabaka, unapaka rangi kwenye tundu, kisha unabandua. Hapa Kiswahili kina mtego wake. Maneno yetu huishia kwa irabu, na a, e na o ndogo zina kisiwa katikati ambacho huanguka ukikata. Ni lazima ukihifadhi ukibandike mahali pake. Neno "asante" kwa herufi ndogo lina visiwa vitatu, lakini ASANTE lina viwili tu. Kwa upande mwingine, "babu" lina vitatu na BABU vitano, kwa sababu kila B kubwa ina viwili. Basi hesabu visiwa kabla ya kuchagua herufi kubwa au ndogo.

5. Kubandika

Gundi hupenda mahali palaini, pakavu na pasafi. Kioo, bati na ukuta wenye rangi ya mafuta hufaa. Ukuta wa udongo au wenye vumbi la chokaa haufai, na rangi mpya iachwe wiki tatu hadi nne ikauke kabisa. Ndoo na mikebe mingi ya plastiki huikataa gundi hata ikiwa safi, kwa hiyo jaribu kipande kidogo kwanza.

Pangusa kwa spiriti, acha pakauke. Chora mstari mwepesi wa penseli ili maneno yasipande mlima. Bandika utepe wa karatasi juu ya herufi zote, usugue kwa kadi, kisha ubandue karatasi ya mgongo ukiilaza nyuma. Herufi zitabaki kwenye utepe zikiwa katika mpangilio wake. Weka katikati ya neno kwanza, halafu sugua kuelekea kando ili hewa itoke. Pambo likiwa kubwa, nyunyiza maji yenye matone machache ya sabuni. Utaweza kulisogeza mpaka likae sawa, kisha uyakamue maji kwa kadi na kusubiri likauke. Toa utepe polepole, nao ukiulaza. Kiputo kikibaki, kitoboe kwa sindano na ukibonyeze.

Kikombe kisioshwe kabla ya siku mbili au tatu, na baada ya hapo kioshwe kwa mkono bila kulowekwa. Ukitaka kuitoa stika siku moja, ikande kwa kitambaa cha maji moto. Gundi itakayobaki huondoka kwa mafuta ya kupikia.

6. Yenye faida zaidi ya uzuri

Maua dirishani na jina mlangoni ni mazuri, lakini kuna kibandiko ambacho kila nyumba inakihitaji. Watu wengi huweka mafuta ya taa katika chupa ya soda, na mtoto hajui tofauti. Kata alama nyekundu na neno HATARI, ukibandike ubavuni ambapo mafuta hayatamwagika, maana mafuta ya taa huyeyusha gundi. Hata hivyo stika si mlinzi, na mtoto mdogo hasomi: tumia chombo kisichofanana na cha vinywaji na ukiweke juu kabisa. Ikitokea mtoto ameyanywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja.

7. Tahadhari

Usibandike vinaili ndani ya chombo cha chakula, wala kwenye ukingo wa kikombe unaogusa midomo. Na usiyachome mabaki jikoni au kwenye takataka. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini, na ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma koo na mapafu. Yatunze mabaki. Kipande cha ukubwa wa kidole chatosha kutengeneza nukta ya i au king'ong'o.

Zoezi

(a) Hesabu visiwa katika HONGERA na hongera. Ni ipi rahisi kukata kwa kiolezo?
(b) Gawanya "Tumekukumbuka" mistari miwili bila kuharibu silabi.
(c) Andika maneno yasiyozidi mawili ya kubandika kwenye zawadi ya mtu unayempenda. Kisha mpe mtu mwingine wa nyumba yako ayasome kwa sauti kabla hujakata. Akisita, badilisha.

Wahenga walinena kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wewe unayemaliza Kidato cha Nne mwaka huu na huna pesa za kumnunulia rafiki yako zawadi, una wembe, una rula, na una Kiswahili. Majibu ya zoezi yaletwe kwa katibu wa chama, nami nitayasahihisha kwa furaha. Wasalaam.